Mwalimu wa Katiba na Kitambulisho cha Mtu wa Lindi

Msomaji wa pwani akisikia jina la Lindi, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye ule mji wa bandari ulioko kusini mwa Tanzania, kati ya Kilwa na Mtwara. Lindi tunayoizungumza leo iko mbali na bahari. Ni kijiji kimojawapo cha Kibera, Nairobi, jirani ya Laini Saba, Mashimoni na Silanga. Nyumba zake ni za udongo na mabati, zimebanana hata maji ya mvua hayajui yapite wapi, na wakaaji wake ni watu wa makabila mengi waliokuja mjini kutafuta riziki.

Kibera yenyewe asili yake ni makao ya Wanubi. Hao ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, lile la KAR. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliambiwa wakae katika msitu ulioko nje kidogo ya mji, nao wakapaita Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Mwaka 1918 sehemu hiyo, yenye ekari zaidi ya 4,000, ikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Walijenga misikiti, wakazaa, wakazikana hapo. Lakini hati ya kumiliki ardhi hawakupewa. Walipewa mahali pa kukaa kama mgeni anavyopewa mkeka.

Katikati ya Kibera inapita reli, na reli nayo ina watu wake. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka Bara Hindi kuijenga njia hiyo kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Wapatao 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Wengine wakabaki, na wafanyabiashara na makarani wakawafuata. Basi Mnubi na Mhindi, mmoja kwa bunduki na mwingine kwa sururu, wote wawili waliletwa na mkoloni, na wote wawili baada ya uhuru wakaulizwa swali lile lile: ninyi ni wa wapi?

Makala hii ni habari za Mhindi mmoja, mzaliwa wa Kenya, aliyelichukua swali hilo akalifanya kazi ya maisha yake. Jina lake ni Profesa Yash Pal Ghai. Wengi wetu tumezoea kumjua Mhindi kwa duka lake, au kwa ofisi yake ya uwakili pale mjini. Huyu alikuwa mwanasheria, lakini hakutajirika kwa kesi za wenye mali. Alichagua kufundisha, na alichofundisha ni jambo moja: kwamba katiba si mali ya serikali wala ya mawakili, ni mali ya mtu wa kawaida, hata yule wa Lindi asiye na hati ya nyumba anayolala.

KIJANA ZAMA ZA UBAGUZI

Ghai alizaliwa mwaka 1938, wakati ambapo Kenya ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwarabu yake na Mwafrika yake. Hospitali hivyo hivyo, na hata makaburi. Kijana huyo alikuwa na akili ya masomo, akapelekwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kisha akaenda Harvard, Marekani, akazidi kusomea sheria.

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inajitayarisha kwa uhuru, yeye alikwenda Dar es Salaam. Hapo kabla, kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka uwakili ilimbidi asafiri mpaka London au India, na safari hiyo ilihitaji fedha. Kwa sababu hiyo mawakili wengi walikuwa ama Wazungu ama watoto wa Wahindi wenye uwezo. Ndipo mwaka 1961 ilipofunguliwa shule ya sheria Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa na wanafunzi wachache sana wanaohesabika kwa vidole. Ilikuwa ya kwanza katika nchi zetu tatu. Ghai alifundisha huko mpaka mwaka 1971, akapanda akawa profesa na mkuu wa kitivo.

Miongoni mwa vijana waliosoma sheria Dar es Salaam katika zama hizo walikuwamo Issa Shivji, aliyekuja kuwa mwanachuoni mashuhuri wa Tanzania, na Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Mwaka 1970 Ghai na mwenzake McAuslan walitoa kitabu kikubwa juu ya sheria na siasa za Kenya. Humo walionyesha jinsi sheria za mkoloni, zile za kuwanyamazisha watu na kuwanyima ardhi, zilivyobakia baada ya bendera kubadilishwa. Mwenye nyumba alikuwa amebadilika, lakini makufuli yalikuwa yale yale.

Mwaka huo huo, pamoja na ndugu yake Dharam Ghai aliyekuwa mtaalamu wa uchumi, alihariri kitabu kingine juu ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Jambo hilo lilikuwa la moto. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, wale ambao hawakuupata uraia moja kwa moja walipewa miaka 2 kuuomba. Wengi walisitasita. Zikaja sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, na mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu wakawa wanakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Machi mwaka huo Uingereza ikaufunga, ingawa watu hao walikuwa na pasipoti zake. Ghai aliyaona mambo hayo kwa macho yake. Alijifunza mapema kwamba mtu aweza kuwa na nyumba, kazi na watoto, na bado akakosa nchi kwa sababu ya karatasi moja.

MTENGENEZAJI WA KATIBA

Kutoka Dar es Salaam safari zake zilikuwa ndefu. Alifundisha Warwick, Uingereza, na tangu mwaka 1989 mpaka 2005 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Hong Kong. Katikati ya miaka hiyo nchi changa zilimwita azisaidie kuandika katiba. Alisaidia Papua New Guinea, iliyopata uhuru mwaka 1975, na visiwa vingine vya Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 2005 mpaka 2008 alikuwa mjumbe wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za binadamu nchini Kambodia, na maneno yake ya wazi yalimkasirisha sana Waziri Mkuu Hun Sen. Mwaka 2012 aliongoza tume ya katiba ya Fiji. Wenye nguvu huko hawakuipenda rasimu yake; Desemba mwaka huo polisi walizikamata nakala zilizokwisha chapwa, na nyingine zikatiwa moto.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane na kila Mkenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2000, alipoteuliwa kuwa mwenyekiti wa tume ya kurekebisha Katiba ya Kenya. Wakati huo nchi ilikuwa na mabaraza mawili yanayovutana. Upande mmoja kulikuwa na tume ya Bunge. Upande wa pili kulikuwa na kundi la Ufungamano, lililowakusanya viongozi wa dini zote, Waislamu, Wakristo na Wahindu, pamoja na vyama vya raia. Ghai aliombwa ale kiapo aanze kazi. Alikataa. Alisema kwanza pande hizo mbili ziwe kitu kimoja, akazunguka baina yao kama mzee anayesuluhisha ndugu wawili. Mwaka 2001 zikaungana.

Tume ilikwenda katika majimbo yote 210 ya uchaguzi kusikiliza wananchi. Walisikilizwa wavuvi, wafugaji, wauza mboga na watu wa mitaa ya mabanda, maana Lindi na Kibera nzima wakati huo zilikuwa katika jimbo la Lang'ata. Wengi ndiyo mara yao ya kwanza kuulizwa na serikali wanataka nini. Walitaka maji, walitaka nyumba zisibomolewe usiku, walitaka vitambulisho bila kudhalilishwa. Mambo hayo, ambayo wakubwa waliyaona ni madogo, yaliingia katika rasimu.

Rasimu ilitolewa Septemba 2002. Mwezi uliofuata, siku chache kabla mkutano mkuu haujaanza, Rais Moi alilivunja Bunge, na kwa kuwa wabunge ndio waliokuwa sehemu ya wajumbe, mkutano ukaahirishwa. Ukaanza Aprili 2003, Bomas of Kenya, ukiwa na wajumbe 629. Septemba mwaka huo Dakta Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi. Mkutano haukuvunjika. Machi 2004 wajumbe waliipitisha rasimu, huku wa upande wa serikali wakitoka ukumbini. Mwaka huo huo Ghai akaacha uenyekiti.

MAHAKAMA ZA KADHI

Kwa sisi wa pwani, kuna sura moja ya habari hii isiyoweza kupitwa: mahakama za Kadhi. Msomaji anajua kwamba mahakama hizo hazikuzaliwa Bomas. Mwaka 1895 Waingereza walipochukua utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, waliahidi kuiheshimu sheria ya Kiislamu na makadhi wake. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta wa Kenya na Muhammad Shamte wa Zanzibar waliandikiana barua, na ahadi hiyo ikatiwa katika katiba ya uhuru.

Pale Bomas baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka zitolewe. Mabishano yalikuwa makali, mpaka watu waliokuwa pamoja Ufungamano wakawa hawatazamani. Rasimu ya mwaka 2002, iliyotolewa na tume chini ya uenyekiti wa Ghai, haikuzitoa, ilipendekeza zitanuliwe. Ndani ya tume hiyo alikuwamo pia Profesa Ahmed Idha Salim, mwanahistoria wa pwani yetu. Mwenyekiti mwenyewe hakuwa Mwislamu. Lakini mtu aliyetoka katika jamii ndogo alifahamu kwamba uzito wa ahadi kwa wachache ndio kipimo cha katiba. Walio wengi hujilinda kwa kura. Wachache ndio wanaohitaji maandishi.

Rasimu ya Bomas haikupita njia nyepesi. Serikali iliibadilisha, na wananchi wakaikataa hiyo iliyobadilishwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005. Ikaja damu ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kisha kamati ya wataalamu, chini ya wakili Nzamba Kitonga, ikairudia kazi ikiegemea sana yale yaliyokwisha kusemwa na wananchi. Agosti 4, 2010 Katiba mpya ilikubaliwa kwa asilimia 67 ya kura, na Agosti 27 ikatangazwa. Kifungu cha 170 kinazilinda mahakama za Kadhi, katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia.

KARATASI NA DIRISHA

Sasa turudi Lindi. Tuchukue mfano wa kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18. Mwenzake wa kabila jingine alikwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa, akaandikwa, akangoja kitambulisho. Kijana wetu, kwa miaka mingi, alipofika dirishani na jina la Kiislamu, aliambiwa angoje siku ya kuchujwa. Aliketishwa mbele ya wazee na maofisa, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, alete vyeti vya wazazi, na wakati mwingine vya wazazi wa wazazi. Bila kitambulisho hakuna kazi ya halali, hakuna kufungua akaunti benki, hakuna kupiga kura, na usiku polisi akimkuta njiani hana la kumwonyesha. Vijana wengi wa Mombasa, Lamu na Garissa wanaujua mlango huo.

Wanubi waliupeleka mlango huo mbele ya sheria. Machi 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza ya kamati hiyo. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288 za Kibera, baada ya karne nzima ya kuiomba.

Ghai alikuwa amekwisha rejea nyumbani. Mwaka 2011, yeye na mkewe Jill Cottrell Ghai, ambaye naye amefundisha sheria, pamoja na wakili Waikwa Wanyoike, walianzisha Nairobi taasisi waliyoiita Katiba Institute. Kazi yake ni mbili: kuwafundisha watu Katiba, kwa vitabu na makala za gazetini, na kwenda kortini inapovunjwa. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya haki zake au za wengine, bila ada ya kufungua kesi, na hata barua ya kawaida yaweza kupokewa na korti. Mwalimu aliona kwamba kifungu hicho, ambacho wasomaji wengi hukipita, ndicho ufunguo wa vingine vyote. Mtu asipoweza kuufikia mlango wa korti, haki zake zote zinabaki kuwa wino tu.

Taasisi hiyo ilikuwamo katika kesi ya wavuvi wa Lamu waliolalamika kwamba ujenzi wa bandari mpya umewaharibia bahari yao. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Msomaji wa Lamu hana haja ya kuelezwa maana ya uamuzi huo.

Mwaka 2019 serikali ilianza kuwaandikisha watu wote katika mpango wa Huduma Namba. Watu wa Kibera walijiuliza: aliyenyimwa kitambulisho jana, atapataje namba leo? Jumuiya ya Nubian Rights Forum, yenye makao yake huko Kibera, ikaenda kortini pamoja na wengine. Januari 30, 2020 majaji watatu waliamua kwamba mpango huo usiendelee bila kanuni za kutosha za kulinda habari za watu na kuwalinda wanaoachwa nje, na kwamba kukusanya chembe za urithi za mwili ni kinyume cha Katiba. Kisha Katiba Institute na Yash Pal Ghai mwenyewe, akiwa amekwisha kupita miaka 80, wakafungua kesi nyingine. Oktoba 14, 2021 Mahakama Kuu iliifuta amri ya kutoa kadi hizo, kwa kuwa serikali haikupima kwanza madhara yake kama sheria ya mwaka 2019 inavyotaka. Ilipokuja Maisha Namba mwaka 2023, taasisi hiyo ilirudi tena kortini.

Tusemeni ukweli, si kila kesi iliyoshinda imembadilishia mtu maisha. Julai 2018, miaka 8 baada ya Katiba kuandika haki ya makao katika kifungu cha 43, matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara, na maelfu ya watu pamoja na shule za watoto wao wakaachwa bila paa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba uchujaji wa ziada wa vitambulisho katika sehemu za mpakani uondolewe. Lakini tangazo hutolewa jukwaani, na kitambulisho hutolewa dirishani. Kati ya jukwaa na dirisha kuna safari ambayo mnyonge huitembea kwa miguu.

Hapo ndipo ilipo faida ya kuyajua maisha ya mwalimu huyu. Wapo waliompima kwa kushindwa kwake: rasimu iliyoahirishwa, rasimu iliyobadilishwa, rasimu iliyochomwa. Hata hivyo, kila ilipoharibika aliianza upya, na alipokwisha kuandika hakukaa kando akajisifu, bali alikwenda kuwafundisha wenye haki namna ya kuidai. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Yeye alitumia elimu yake ili mjukuu wa askari wa Kinubi asiulizwe tena alizaliwa wapi babu yake.

Basi ndugu msomaji, uwe Kibera au Kibokoni, tafuta nakala ya Katiba. Imetafsiriwa kwa Kiswahili. Soma kifungu cha 12 juu ya haki za raia, ikiwemo pasipoti na kitambulisho, na cha 22 juu ya kwenda kortini. Kisha msomee mwanao anayekaribia miaka 18. Siku atakaposimama mbele ya lile dirisha na kuambiwa angoje, awe anajua la kusema.